Namna ya kuivisha haraka gundi ya polima kwenye vitambaa vya selulosi visivyofumwa

Chukua kipande cha karatasi ya chooni na kipande cha kitambaa cha mezani cha karatasi, kile kinene na laini kinachowekwa kando ya sahani hotelini, uvitie vyote viwili katika bakuli la maji kwa nusu dakika, kisha uvivute taratibu. Cha kwanza kitaachana mkononi kama uji. Cha pili kinaweza kukamuliwa na kutandazwa tena mezani. Vyote viwili vimetokana na nyuzi za mti, yaani selulosi, na kinachovitofautisha ni gundi iliyoshikamanisha nyuzi za hicho cha pili pale zinapopishana.

Nyuzi za selulosi zikiwa kavu hushikana zenyewe kwa viungo vya haidrojeni, lakini maji huviingilia viungo hivyo na kuvifungua, ndiyo maana karatasi isiyotiwa dawa yoyote ikilowa kwa kawaida hubaki na chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo ikiwa kavu. Kwa vitambaa visivyofumwa vinavyotandazwa kwa hewa, yaani ambavyo nyuzi zake hupeperushwa na hewa hadi zikawa utando bila kusokotwa wala kufumwa, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu nyuzi zake hazikupata maji ya kuzivuta pamoja wakati wa kutandazwa, na bila gundi utando wake ni kama pamba iliyochambuliwa. Njia hiyo ya kutandaza kwa hewa iliendelezwa sana na mvumbuzi wa Denmark, Karl Krøyer, ambaye wasomaji walioko Ghuba huenda wamemsikia kwa jambo jingine kabisa: mwaka 1964 ndiye aliyeinua meli iliyopinduka na kuzama katika bandari ya Kuwait ikiwa na maelfu ya kondoo, kwa kuijaza vipira vidogo vya plastiki.

Mwongozo huu unahusu gundi inayotumika sana kwenye tando za namna hiyo, yaani emulsheni ya vinili asetati na ethilini. Ni maji meupe mfano wa maziwa, na karibu nusu ya uzito wake ni yabisi, yaani kitu kigumu kisicho maji, nayo ni polima, molekuli ndefu mfano wa mnyororo. Ni ndugu wa karibu wa gundi nyeupe ya seremala, na ana udhaifu uleule wa ukoo wake: ikikauka hushika vizuri, lakini ikikaa majini hulainika. Ili kuuondoa udhaifu huo, viwanda huongeza kwenye mnyororo wa polima kiasi kidogo cha N-metilolakrilamidi, mara nyingi asilimia 3 hadi 6, ambayo ikipata joto na asidi hunyoosha mikono yake, mnyororo mmoja ukashika mwingine, na mingine ikashika haidroksili za selulosi yenyewe, yaani vishikio vya oksijeni na haidrojeni vilivyo kwenye nyuzi. Kazi hiyo hutoa maji na fomaldehaidi kidogo. Ikikamilika, gundi haiwezi tena kurudi kuwa laini majini, kama vile yai lililochemka lisivyoweza kurudi kuwa bichi.

Kwa hiyo gundi hii hupitia mambo mawili, nayo yasichanganywe. Kukauka ni maji kuondoka. Kuiva ni minyororo kushikana. Kitambaa kilichokauka na kitambaa kilichoiva huonekana sawa kwa macho, huhisiwa sawa kwa vidole, na hata kwenye mashine ya kuvuta vikiwa vikavu vinaweza kukaribiana sana. Maji pekee ndiyo yanayovitenganisha.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Katika karakana moja niliyofanya kazi zamani tulitoa roli za vitambaa vya kupangusia ambavyo, vikiwa vikavu, mtu hakuweza kuvichana kwa mikono, lakini mteja alipovilowesha vikamkatikia vipande vipande. Kioo cha tanuri kilionyesha nyuzijoto 160, nasi kwa siku mbili tukamtafuta mchawi katika gundi, katika maji na katika nyuzi zenyewe. Siku ya tatu mwenzetu mmoja alipenyeza themokapo nyembamba, waya wa kupimia joto, katikati ya utando na kuuacha uingie nayo tanurini. Hewa ya tanuri ilikuwa 160 kweli. Kitambaa kilikuwa kikitoka mlango wa pili kikiwa kimefika 118 tu, kikavu kabisa na kibichi.

Kuandaa mchanganyiko

Vifaa vinavyohitajika si vingi. Tafuta mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, karatasi za kupimia pH (kipimo cha asidi, ambacho kikishuka asidi imeongezeka), chupa ya kupulizia yenye matone madogo au bunduki ya rangi ya fundi magari, oveni yenye feni, themokapo nyembamba, karatasi ya kuokea isiyonata, na mabamba mawili ya alumini yaliyo bapa, kila moja likiwa na unene wa milimita 10 hivi. Kama huna utando uliotandazwa kwa hewa, anza na karatasi ya kuchujia ya maabara, kwa kuwa ni selulosi safi na uzito wake haubadilikibadiliki. Hakikisha tu kwamba aina uliyonunua si ile iliyoimarishwa kiwandani ili isichanike ikilowa, vinginevyo utakuwa unapima gundi ya mtu mwingine.

Tuseme utando wako una gramu 60 kwa mita ya mraba, na unataka gundi kavu iwe asilimia 20 ya kitambaa kilichokamilika. Kosa la kawaida ni kuchukua asilimia 20 ya 60 na kupata 12, ilhali gundi huhesabiwa ndani ya jumla, si juu ya nyuzi peke yake: gramu 60 za nyuzi zinahitaji gramu 15 za gundi, ili jumla iwe 75 na gundi iwe moja ya tano yake. Kipande cha majaribio cha sentimita 20 kwa 25 kina eneo la mita za mraba 0.05, kwa hiyo kina gramu 3 za nyuzi na kinadai gramu 0.75 za gundi kavu. Ukizimua emulsheni hadi yabisi yake iwe asilimia 15, gramu hizo 0.75 zitakuwa ndani ya gramu 5 za mchanganyiko, ambazo utazigawa gramu 2.5 upande mmoja na gramu 2.5 upande wa pili.

Ili kupata gramu 200 za mchanganyiko huo kutoka kwenye emulsheni yenye yabisi ya asilimia 50, pima gramu 60 za emulsheni, ambazo zina gramu 30 za polima, na uongeze gramu 137 za maji yaliyokenekwa huku ukikoroga polepole ili usitie povu. Gramu 3 zilizobaki ni za kichocheo: kloridi ya amonia iliyoyeyushwa majini kwa asilimia 10, yaani gramu 0.3 za chumvi yenyewe, sawa na asilimia 1 ya polima kavu. Kichocheo kitiwe mwisho, kwa matone, mchanganyiko ukiendelea kukorogwa, kwa sababu chumvi kali ikidondokea mahali pamoja inaweza kuigandisha emulsheni ikawa na mabonge kama maziwa yaliyokatika. Kwa sababu hiyohiyo usitumie maji ya kisima cha pwani. Visima vingi vya Dar es Salaam na maeneo ya jirani vina chumvi, na mtu anaweza kuilaumu gundi mwezi mzima kumbe tatizo liko kwenye ndoo. Mwishoni pitisha mchanganyiko katika chujio jembamba la nailoni, maana bonge dogo moja linatosha kuziba tundu la bunduki.

Kloridi ya amonia ilichaguliwa kwa tabia yake ya kuchelewa. Ikiwa baridi mchanganyiko hauna asidi kali, lakini joto likipanda, na amonia ikikutana na fomaldehaidi iliyo huru, asidi ya hidrokloriki hujitokeza papo hapo, mahali inapohitajika. Uvumilivu huo hata hivyo una kikomo: mchanganyiko uliokwisha kutiwa kichocheo huendelea kushuka pH taratibu hata chumbani, kwa hiyo tengeneza wa siku moja, pima pH asubuhi na tena mchana, na uliobaki jioni usiuchanganye na wa kesho. Asidi ya sitriki nayo hutumika kama kichocheo na ni pole zaidi kwa vyuma vya mashine. Ukiitumia, shusha pH hadi kati ya 3 na 4 na uivishe kwa muda mrefu kidogo.

Usijaribu kuongeza kasi kwa kuzidisha kichocheo mara tatu au nne. Asidi iliyobaki ndani ya kitambaa haiendi likizo. Huendelea kukata minyororo ya selulosi ghalani, na kitambaa kilichopita majaribio leo kinaweza kuwa cha manjano na chenye kuvunjika baada ya miezi michache.

Kupulizia na kukausha

Pima kipande kikiwa kikavu, kilaze juu ya wavu, pulizia upande wa kwanza kwa umbali wa sentimita 30 hivi ukipita kwa mistari inayopishana, kisha kipime tena kingali kimelowa. Mizani ndiyo itakayokuambia kama umefikisha gramu 2.5, na usiuamini mkono wako hata baada ya mazoezi ya wiki nzima. Geuza, rudia upande wa pili, na uandike uzito wa kila hatua kwenye ukingo wa kipande kwa penseli, kwa kuwa wino utasambaa.

Kwa majaribio, kipande kikaushwe kwa hewa ya chumba hadi siku ya pili, kikiwa kimetandazwa juu ya wavu ili kipate hewa pande zote. Najua jambo hili linamchosha mtu mwenye haraka, lakini ukikaushia ndani ya oveni, sehemu ya gundi itaanza kuiva kabla hujaanza kuhesabu, na vipimo vyote vinavyofuata vitakuwa na uongo ambao huwezi kuutoa.

Kwenye uzalishaji, bila shaka, hakuna anayesubiri hadi kesho, na hapo ukaushaji wa haraka una tatizo lake: maji yanapokimbilia juu hubeba gundi, ikajikusanya usoni na kuacha kati ya kitambaa pakiwa patupu. Njia rahisi ya kuligundua ni kutia tone la rangi ya maji, ya bluu kwa mfano, kwenye mchanganyiko kabla ya kupulizia. Kitambaa kikishaiva, bandika mkanda wa gundi wenye nguvu juu na chini yake, uvute pande mbili hadi kipasuke katikati kama mkate unaofunguliwa, kisha utazame sura ya ndani. Ikiwa bluu imeenea, hata kwa wepesi, ni vyema. Ukiona nyuzi nyeupe tupu, kitambaa hicho kikilowa kitaachana tabaka kwa tabaka, hata kama uso wake umeiva kikamilifu, na tiba yake ni kupunguza ukali wa joto katika hatua ya kwanza ya kukausha.

Kupima uivaji kwa sekunde

Hii ndiyo sehemu ninayoomba isirukwe. Mtu akikuambia kuwa gundi yake inaiva haraka, muulize haraka kiasi gani, katika nyuzijoto ngapi, na kwa kipimo kipi. Fikiria mashine inayokwenda mita 200 kwa dakika ikipita katika tanuri la mita 20: kila sehemu ya kitambaa hukaa ndani kwa sekunde 6 tu, na nyingi kati ya hizo huliwa na kukausha. Gundi inayofikia nguvu zake zote kwa dakika tatu inaweza kuwa bora maabara na isiwe na maana yoyote kwenye mashine hiyo.

Oveni ndogo ya maabara haiwezi kupima sekunde 5, kwa sababu ukifungua mlango joto linashuka, na kitambaa chenyewe kinachukua muda mrefu kuliko huo kupata moto. Ndiyo sababu nimetaja mabamba ya alumini. Yaweke ndani ya oveni hadi themokapo iliyobanwa kati yake isome 150 na itulie, kisha ingiza kipande kilichokauka, kikiwa kati ya karatasi mbili za kuokea, kifunike kwa bamba la juu na uanze kuhesabu. Bamba zito lina akiba ya joto ya kutosha kukipandisha kitambaa chembamba kwa muda mfupi sana. Muda ukifika, kitoe kwa koleo na ukilaze mara moja juu ya chuma baridi ili kuiva kukome hapo hapo.

Andaa vipande vya sekunde 5, 10, 20, 40, 80 na 180, na kimoja kisichoivishwa kabisa. Kile cha 180 tutakihesabu kuwa kimeiva chote. Kata kila kipande katika mikanda yenye upana wa milimita 25, mitano kwa kila muda, ukikata kukingama na mwelekeo wa mashine kwa kuwa huko ndiko kitambaa kilipo dhaifu zaidi. Selulosi hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa asubuhi si sawa na ya Nairobi mchana, kwa hiyo vipande vipumzike usiku mmoja kabla ya kupimwa katika sanduku lililofungwa lenye bakuli la naitreti ya magnesiamu iliyokolea majini hadi ikabaki na chembe zisizoyeyuka. Chumvi hiyo huishikilia hewa ya sandukuni kwenye unyevu wa asilimia 53 hivi katika nyuzijoto 25, karibu na asilimia 50 inayotumiwa na maabara za karatasi duniani.

Kwa kipimo chenyewe, tia tone la sabuni ya maji katika lita moja ya maji ili kitambaa kilowe chote bila kubagua, tumbukiza mkanda kwa dakika moja, ubonyeze kidogo kati ya karatasi za kunyonya maji, na uuvute. Ukiwa na mashine ya kupimia nguvu za mvutano, vyema. Usipokuwa nayo, bana ncha ya juu ya mkanda kwa klipu pana iliyofungwa kwenye boriti, ning'iniza chupa tupu ya plastiki kwenye klipu ya chini, na umimine maji ndani ya chupa kwa mkondo mdogo usiobadilika hadi mkanda ukatike. Pima chupa pamoja na maji yake na klipu. Gramu 612 ni sawa na nguvu ya nyutoni 6.0, na kipimo hiki cha kijijini, kikifanywa na mtu mmoja kwa mkono uleule, kinatosha kabisa kulinganisha gundi mbili.

Sasa gawa wastani wa kila muda kwa wastani wa sekunde 180. Tuseme mikanda ya sekunde 180 imekatika kwa gramu 800 na ile ya sekunde 10 kwa gramu 480: gundi hiyo imeiva asilimia 60 katika sekunde 10. Chora nukta zote kwenye karatasi, muda chini na asilimia pembeni. Gundi ya haraka hupanda kama ngazi kisha ikalala, wakati ile ya polepole hupanda kama kilima hadi mwisho wa karatasi. Kama nukta ya sekunde 80 iko chini sana ya ile ya 180, basi hata sekunde 180 hazijatosha, na unapaswa kuongeza muda wa juu kabla ya kusema lolote.

Pima pia mikanda mikavu, japo mara moja tu, uone kwa macho yako jinsi mchoro wake unavyokaribia kuwa bapa. Mchoro huo ndio ushahidi wa kumwonyesha msimamizi anayepima vitambaa vikavu na kusema viko sawa.

Kuongeza kasi

Watu wengi hukimbilia kupandisha joto la tanuri. Fanya kwanza hesabu ya kile kipande chetu. Gramu 5 za mchanganyiko zina gramu 4.25 za maji, na kila gramu ya maji inadai takriban kilojuli 2.26 ili igeuke mvuke, kwa hiyo kukausha peke yake kunakula kilojuli 9.6 hivi. Kukipandisha kitambaa kikavu cha gramu 3.75 kutoka nyuzijoto 70 hadi 150 hakufikii hata nusu kilojuli. Maana yake ni kwamba karibu joto lote la tanuri linakwenda kwenye maji, na maadamu kuna maji, kitambaa hukaa chini ya nyuzijoto 100 hata hewa inayokizunguka iwe kali namna gani. Kile kitambaa chetu cha 118 hakikukosa moto. Kilikuwa kimelowa kupita kiasi na kikamaliza safari yake mapema mno.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuharakisha kuiva ni kupunguza maji. Mchanganyiko ukitoka asilimia 15 hadi 25 ya yabisi, zile gramu 0.75 za gundi zitaingia katika gramu 3 badala ya 5, na maji yatashuka kutoka gramu 4.25 hadi 2.25, karibu nusu, bila kugusa tanuri wala kubadilisha kemikali. Gharama yake ni kwamba kioevu kidogo ni kigumu kukieneza sawasawa, na tundu la bunduki litaziba mara kwa mara. Panda kwa hatua, asilimia 2 au 3 kila mara, ukirudia kile kipimo cha rangi ya bluu kuona kama gundi bado inafika katikati.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kitambaa, si hewa, kinafika angalau nyuzijoto 140 kabla ya kutoka. Penyeza themokapo. Baada ya hapo ndipo lizungumzwe joto, na ukizidi nyuzijoto 170 kwa gundi hii yenye asidi ya hidrokloriki, anza kuangalia umanjano. Hatua ya tatu ni kubadilisha gundi yenyewe, kutafuta yenye vikono vingi zaidi vya kushikana, ambayo kwa kawaida hukifanya kitambaa kiwe kigumu kidogo na hupandisha bei. Ninaiweka mwisho kwa makusudi, ingawa muuzaji wa gundi ataiweka mwanzo.

Kama utakuwa unahifadhi roli katika ghala lenye joto, angalia vilevile ulaini wa polima. Gundi laini hukipa kitambaa mguso mzuri, lakini ndani ya roli iliyokazwa kwenye ghala la nyuzijoto 35 tabaka zake zinaweza kugandana, hasa zisipoiva vizuri.

Fomaldehaidi na njia ya kuikwepa

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka fomaldehaidi mwaka 2004 katika kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kiasi kinachotoka katika kipande kimoja cha majaribio ni kidogo, lakini fundi hafanyi kipande kimoja, na macho yanayowasha karibu na oveni ni dalili kwamba hewa haitoki inavyopaswa. Oveni iwe chini ya bomba la kunyonya hewa au, kwa uchache, karibu na dirisha lenye feni inayotoa nje, na mchanganyiko ushikwe kwa glavu, kwa kuwa unaweza kuwa na mabaki ya akrilamidi, kemikali yenye sumu.

Kitambaa kitakachogusa ngozi ya mtoto kina masharti makali zaidi. Alama ya OEKO-TEX, cheti cha usalama wa nguo na vitambaa, kwa mfano, inataka bidhaa za watoto wachanga zisifikishe miligramu 16 za fomaldehaidi kwa kilo, na zinazogusa ngozi za watu wengine zisizidi 75. Kwa kazi ya namna hiyo mimi singejaribu kuibembeleza N-metilolakrilamidi ifike huko. Ningeanza na kemia nyingine.

Kemia hiyo ni ya asidi zenye vikundi vingi vya kaboksili, yaani vile vikundi vya atomu vinavyoipa molekuli uasidi wake. Mwaka 1988 Clark Welch, mkemia wa Idara ya Kilimo ya Marekani aliyekuwa New Orleans, alionyesha kwamba asidi ya butanitetrakaboksili ikiwa na kichocheo cha hipofosfiti ya sodiamu inaweza kuzishikamanisha nyuzi za pamba bila fomaldehaidi. Joto huzigeuza kaboksili mbili zilizo jirani kuwa anhidridi, yaani huungana kwa kutoa maji, nayo hushika haidroksili ya selulosi na kuwa kiungo kiitwacho esta. Ukaribu wa kaboksili hizo ndio unaoamua kasi, kwa sababu zikiwa kwenye kaboni zinazofuatana hujifunga kwa urahisi katika duara la atomu tano. Asidi ya sitriki hufanya kazi ileile kwa bei ndogo, lakini ikipashwa moto sana hukigeuza kitambaa manjano, jambo lisilo na madhara kwa kichujio na lisilokubalika kwa kitambaa cheupe cha mezani. Joto linalohitajika ni kubwa kuliko la gundi ya kwanza, nyuzijoto 160 hadi 180, na esta zake huachana zikioshwa kwa magadi makali, kwa hiyo wakati wa kupima uongeze kundi moja la mikanda iliyoloweshwa katika maji ya magadi.

Wapo watakaouliza kuhusu resini za poliamidi na epiklorohidrini zinazotumika kwenye taulo za karatasi za jikoni. Ni nzuri kwa nyuzi zinazotandazwa kwa maji, hutiwa ndani ya uji wenyewe wa nyuzi, na huendelea kuiva ghalani kwa siku kadhaa hata bila moto. Zina chaji chanya, kwa hiyo usizimimine katika emulsheni yenye chaji hasi. Ndoo nzima itaganda mbele ya macho yako.

Kundi lolote utakalotengeneza, tenga mikanda kumi, uiweke kwenye bahasha yenye tarehe, pH ya mchanganyiko, uzito wa gundi na joto la kitambaa, si la tanuri. Vuta mitano ikiwa imelowa baada ya wiki mbili na mitano baada ya miezi mitatu. Nguvu ikiwa imepanda katika wiki zile mbili, kitambaa kilitoka tanurini kikiwa kibichi na kimemalizia kuiva kwenye rafu. Ikiwa imeshuka katika miezi mitatu, kichocheo kilizidi.